Kimo cha Kidato

Je, ngazi ya nyumba ni mali ya nani: ya mkono ulioijenga, ya mguu unaoipanda, au ya jicho la mpita njia linaloisifia? Ukiwauliza swali hilo watu wenye shughuli zao utachekwa, kwa kuwa ngazi ni matofali na saruji, na mwenye akili timamu haulizi matofali ni ya nani. Nami ninapoanza kuisimulia habari hii sina jibu. Ninachojua ni kwamba katika nyumba moja, majuma machache baada ya barabara kuchimbwa, swali hilo liliingia bila hodi na kuketi kati ya mtu na mama yake.

Barabara ndiyo iliyoanza. Greda lilikuja likaukwangua mtaa mzima, likateremsha njia chini ya nyumba, kisha likaondoka na ahadi ya lami. Kilichobaki ni mtaro mrefu na milango inayoning'inia. Kizingiti kilichokuwa sawa na ardhi sasa kilifika kiunoni mwa mtu mzima. Kila nyumba ilijitafutia dawa yake: huyu alipanga mawe, yule aliegemeza ubao, mwingine alirundika magurudumu mabovu ya gari. Wenye miguu mizima waliruka wakicheka, na vijana wakashindana nani ataruka mbali zaidi.

Katika nyumba ya fundi mwashi, mtu ambaye mkate wake wote ulitoka kwenye matofali, mlangoni kulikuwa na kreti la soda lililopinduliwa.

"Fundi!" aliita jirani wa upande wa pili wa barabara, mshona viatu ambaye watu walimwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikuachana na gundi hata wakati wa kula. "Mtaa mzima unapata ngazi, kwako kuna kreti. Ndiyo kusema mfinyanzi hulia gaeni?"

Fundi alikuwa akishuka kinyumenyume, mama yake mgongoni, mguu mmoja ukilitafuta kreti. "Na wewe kinyozi usiyejinyoa," alijibu huku akihema, "hebu tazama viatu vyako kwanza."

Gundi aliinama. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimechungulia nje ya kiatu.

"Huku si kutoboka," alisema. "Hili ni dirisha. Mguu nao unahitaji hewa."

Bibi alicheka pale mgongoni, akacheka kwa sauti, ili watu watazame mdomo wake na wasiitazame miguu yake iliyoning'inia kama nguo kwenye kamba. Huyu alikuwa mwanamke aliyepika miaka mingi katika shule ya bweni, akiinua masufuria ambayo wanaume walisaidiana kuyasogeza. Kisha kiharusi kilimpitia upande wa kushoto. Kilimwachia ulimi wake na akili yake, kikaondoka na nusu ya mwendo. Kabla ya greda kuja alikuwa bado akijiendea mwenyewe chooni, ubavuni mwa nyumba, mkono ukipapasa ukuta, polepole, lakini kwa miguu yake. Sasa mwanawe alimbeba asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni akirudi. Katikati ya asubuhi na jioni kulikuwa na ndoo nyuma ya pazia.

Ndoo ile ilitolewa na mkwe wake, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la mbele na wateja wake walisimama nje wakipitisha vitambaa kati ya nondo. Mshonaji aliitoa bila kukunja uso. Hilo ndilo lililomuumiza Bibi kuliko yote: mkwe angekunja uso, Bibi angepata wa kumkasirikia.

"Samahani, mwanangu."

"Samahani ya nini, Mama? Umevunja nini?"

"Ya kukutia kazi."

"Kazi ni cherehani, Mama. Hii ni safari ya hapo tu na kurudi."

Ilikuwa safari fupi kweli. Lakini ilipita mbele ya wateja waliokuwa dirishani, na ndoo, hata ikifunikwa kwa kitambaa kilichotarizwa maua, haiwi sinia. Basi Bibi akajitungia hesabu yake mwenyewe, akaishika kimyakimya: asiyekunywa hatoki.

Siku Fundi aliporudi na mkokoteni wa matofali, yaliyobaki kwenye nyumba aliyokuwa akijenga na kupewa badala ya sehemu ya ujira wake, mkewe aliiacha cherehani akatoka nje kuyashika. Yalikuwa matofali ya kuchoma, mekundu, yaliyolia kama kengele yakigonganishwa.

"Ya ngazi?" aliuliza.

"Ya ngazi. Mama atashuka kama malkia."

Mshonaji alilitazama lile pengo baina ya mlango na mtaro. Lilikuwa jembamba. "Hapa mbele si patakuwa pafupi? Kwa nini isigeuke kando ya mlango, ikateremka polepole na ukuta kuelekea ubavuni?"

"Ipite chini ya dirisha lako? Wateja watasimama wapi, juu ya bati?" Fundi alicheka. "Halafu ngazi ya ubavuni ni ya ghala, mke wangu. Ngazi ya nyumba hutazama barabara. Na barabara hii yote, kuanzia pale mwanzo mpaka kule mwisho, inahitaji ngazi. Wakiiona hii, nani atamwita fundi mwingine?"

Hakuwa akisema uongo, wala hakuwa amemsahau mama yake. Moyo wa mtu unaweza kubeba nia mbili kwa mkono mmoja, kama mtu abebavyo karai na mwiko. Tabu huja pale mojawapo inapokuwa nzito na mbebaji asijue.

Aliyemfundisha kazi, mzee mmoja mkali aliyekwisha kufariki, alimwachia kanuni moja ambayo Fundi hakuivunja kamwe: kidato hakipimwi kwa rula, hupimwa kwa mguu wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba husimama wima, huinua mguu mpaka pale anapoweza bila kuhangaika, na fundi huweka alama. Kwa hiyo Fundi aliingia ndani, akapiga goti mbele ya mama yake akiwa na chaki mkononi.

"Mama, simama nikupime. Ule wa kushoto. Inua mpaka pale unapoona raha, usijilazimishe."

Bibi alisimama, mgongo wake ukigusa meza. Dirishani alikuwepo msichana aliyeleta gauni la kupunguzwa, anatazama ndani kwa udadisi usio na ubaya. Na hapo chini ulikuwapo uso wa mwanawe, umeinuka kumwelekea, umejaa matumaini kama enzi zile alipokuwa akingoja ukoko wa wali jikoni. Bibi akauficha mkono wake wa kulia, ule mzima, nyuma ya gauni. Akashika ukingo wa meza. Akauegemea kwa nguvu zote zilizobaki za miaka ile ya masufuria, na mguu wa kushoto ukapanda.

"Hapo! Hapo hapo!" Fundi alipiga mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango. "Eh, Mama! Una mguu wa askari."

"Ulidhani nimekufa?" alisema Bibi, na msichana wa dirishani akacheka.

Mshonaji alikuwa amemgeukia mteja wake. Hakuna aliyeuona mkono ule.

Fundi aliomba ruhusa kazini. Aliyaloweka matofali usiku mzima ili yasiinyonye saruji maji yake, akafunga kamba, akaning'iniza timazi, akaanza. Mtu asiyemjua angesema ni mwanamume mpole asiye na la kusema. Mwenye kumwona akiwa na mwiko angejua kwamba maneno yake yote yalikuwa pale. Alilaza, akagonga kwa mpini, akaangalia pima maji, akagonga tena. Ukingo wa kila kidato aliupamba kwa matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, yakapangana kama mikate kwenye trei. Viungo alivisafisha kwa kipande cha bomba mpaka vikawa mifereji myembamba iliyonyooka.

Watu walisimama. Wauza mboga walitua vikapu vyao. Gundi alihamisha kigoda chake ili aone vizuri.

"Fundi, hii ni ngazi au jukwaa? Mimi nikipanda hapo, nahutubia."

"Utahutubia nini, wewe?"

"Bei ya ngozi. Nina mengi."

Ndani, Bibi aliusikiliza mwiko. Kila sauti ya kugonga ilikuwa juu kidogo kuliko iliyotangulia, na mwili wake uliielewa kabla akili haijasema. Alipokuwa peke yake alipindua beseni, akasimama mbele yake, akajaribu kuinua mguu bila kushika kitu. Ulifika nusu ya ubavu wa beseni ukarudi chini. Alijaribu tena. Ukarudi.

Angeweza kusema. Nataka nimtendee haki: mchana ule aliita, "Mwanangu!" na Fundi akachungulia mlangoni, uso umetapakaa vumbi jekundu, macho yanang'aa.

"Naam, Mama?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama mwanawe. Tangu kiharusi, tangu siku za kuingia hospitali na kutoka, hakuwa amemwona akiwa na macho yale.

"Kunywa maji," alisema. "Jua kali."

Ngazi ilipokwisha, vidato vitatu vipana vikitazama barabara, Fundi aliifunika kwa magunia akaimwagilia asubuhi na jioni ili saruji ishike. Hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga. Siku zile zilikuwa za heri kwa Bibi, kwa sababu hakuna aliyemwambia apande.

Magunia yalipotolewa, Bibi alisema leo mguu unawasha. Siku ya pili alisema usingizi haukuwa mzuri. Ndoo ikaendelea kukaa nyuma ya pazia. Fundi aliona, lakini alikuwa na la kumsahaulisha, kwani sifa za ngazi zilikuwa zimefika mwisho wa mtaa, kwenye safu ya vyumba vya kupangisha vya Mama Funguo.

Mama Funguo ulimsikia kabla hujamwona. Kishada cha funguo za vyumba vyake kilining'inia kiunoni na kupiga kelele kila alipovuta hatua, na wapangaji waliochelewesha kodi walijua kuitofautisha sauti ile na sauti nyingine zote za duniani. Alikuja siku ya mapumziko, wakati kila mtu yuko nyumbani.

"Hodi hapa! Nimeambiwa kuna ngazi ya waziri."

"Karibu, Mama Funguo, karibu sana!" Fundi alitoka akijipangusa mikono iliyokuwa safi.

Mama Funguo aliizunguka ngazi. Alikipigapiga kidato cha juu kwa kiganja, kama mtu anayenunua tikiti maji. Kisha akapanda, akiweka mkono juu ya goti, akafika mlangoni akihema.

"Imenikata pumzi kidogo, lakini kazi nimeiona. Mimi nina milango mingi, Fundi, unaijua. Wapangaji wananilalamikia mchana na usiku, utadhani greda nimeliita mimi. Ukinijengea milango yote, wewe hutasimama tena pale njia panda na mwiko ukingoja kuchaguliwa."

Fundi alijipangusa mikono tena. Pale njia panda aliposimama asubuhi nyingi, waliotafuta mafundi walikuwa wakiwatazama mikono na mabega kabla ya kuwaamkia.

"Na huyu ndiye aliyejengewa?" Mama Funguo alichungulia ndani. "Shikamoo, Bibi. Hebu shuka tukuone. Wewe ukishuka, kwangu nani atafungua mdomo?"

"Marahaba, mwanangu. Leo mguu..."

"Mama, kidogo tu," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Kidogo tu, waone."

Bibi akainuka. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika: Gundi, wateja wawili wa Mshonaji, wauza mboga, na mpangaji mmoja wa Mama Funguo, mjamzito, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani. Bibi alishika mwimo wa mlango, akauteremsha mguu wa kushoto. Ulitafuta kidato hewani kwa muda mrefu kabla haujakipata. Goti la kulia lilitetemeka, likahimili. Alikuwa ameshuka kidato kimoja. Watu wakapiga makofi.

Lakini mwimo sasa ulikuwa nyuma yake. Mbele hapakuwa na kitu cha kushika ila macho ya watu. Bibi alitazama kidato kilichofuata, akatazama alikotoka. Hakuweza kushuka. Hakuweza kurudi. Makofi yakapungua, yakakoma.

"Mguu tu, Mama," Fundi alimwambia kutoka chini, bado anatabasamu. "Kama siku ile nilipokupima."

Bibi aliinamisha kichwa. Alichosema walikisikia waliokuwa karibu tu.

"Siku ile nilishika meza, mwanangu."

Tabasamu la Fundi lilibaki mahali pake muda kidogo baada ya kupoteza maana, kama taa inayosahauliwa kuzimwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwokoa. Aliinua uso, akapaza sauti: "Jamani, mbona mmenyamaza? Hata treni husimama kituoni!" Watu wakacheka kwa pumzi za kushukuru. Kisha akaanza kujishusha aketi palepale, mkono ukitafuta tofali, gauni likimpanda magotini. Mshonaji alitoka mbio bila viatu, akaketi ubavuni mwake, akalivuta lile gauni na kulifunika goti, akaanza kuzungumza habari za uzi uliopanda bei, kana kwamba wawili hao walikuwa wamepanga tangu asubuhi kuja kuota jua.

"Mzee ni mzee," alisema Mama Funguo, si kwa ukatili. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Ngazi haina kosa. Wapangaji wangu wana miguu. Nijengee hizi hizi, Fundi: vidato vichache, matofali machache, na zote zifanane. Kesho asubuhi napita, unipe neno lako."

Funguo zikaondoka zikilia. Yule mjamzito alibaki nyuma kidogo. Alikitazama kidato cha kwanza, akaishika ndoo yake vizuri kwa mkono, akaenda zake.

Fundi alimbeba mama yake akamrudisha ndani. Safari hii hakuna aliyetania.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. Hasira yake haikuwa na pa kutua. Ilimrukia mama, ikarudi kwake mwenyewe. "Nimekupima, Mama. Nimepiga goti mbele yako nikakupima!"

"Ulifurahi."

"Nilifurahi?"

"Ulifurahi, nami nikaona niiache furaha ipite. Wewe ulipokuwa mdogo niliunguza uji, ukaula wote, ukasema mtamu. Basi, tumelipana."

"Mama, huu si uji."

"Si uji," alikubali Bibi. "Lakini sikiliza. Chukua kazi ya yule mama. Ngazi iache ilivyo, ni nzuri, watu wanaisifu. Mimi ndoo yangu nimeizoea."

Mshonaji alikuwa amesimama kando ya kitanda. Aliuinua mtungi mdogo wa maji uliokaa pale, akaupeleka mbele ya mumewe, akamfunulia.

"Naujaza asubuhi," alisema. "Tazama."

Ulikuwa umejaa.

"Jana ulikuwa hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo. Midomo yake imepasuka, nilidhani ni homa. Leo, pale nje, ndipo nilipoelewa. Mama hanywi maji, baba. Hanywi ili asitoke."

"Kiu ni yangu," Bibi alisema kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha mkwe wake.

"Na ndoo naitoa mimi, Mama. Naijua kuliko wewe." Sauti ya Mshonaji ilitetemeka, lakini haikurudi nyuma. Akamgeukia mumewe. "Nilikuuliza kwa nini isipite ubavuni. Ukaniambia ya dirisha langu, halafu ukaniambia ya barabara. Umejenga ngazi ya barabara. Lakini Mama hakai barabarani, anakaa humu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Fundi alipokea maneno hayo akiwa ameshika ule mtungi kwa mikono miwili. Mtu mwingine angejitetea. Yeye aliuweka chini taratibu, asiumwage, akaenda kwenye kona ya cherehani. Akachukua rula ya mbao ya kupimia vitambaa na ukanda wa kitambaa chakavu. Akatoka nje.

Gundi alimwona akiketi kwenye kidato cha chini na kuifunga rula ile kwenye mguu wake wa kushoto, kuanzia pajani mpaka chini ya goti, ikakazwa mpaka goti lisikunjike. Kisha akaufunga mkono wake wa kushoto kifuani.

"Fundi, umevunjika?"

"Napima."

Gundi aliinuka kigodani. Fundi alisimama mbele ya kazi yake. Mguu wa kulia aliuweka juu, akajivuta. Ule wa kushoto ukagonga ukingo wa matofali yaliyopangwa kama mikate, ukakwama. Alijivuta tena, jasho likimtoka, akafika. Kidato cha pili kilimwangusha. Aliangukia kiganja, na tofali zuri lile, kali pembeni kama alivyolitaka, likamchuna ngozi. Alibaki ameinama hapo, kiganja juu ya kidato, mguu umenyooka kando yake kama ubao. Mtoto mmoja aliyekuwa akipita alicheka. Gundi alivuka barabara, akamshika chini ya kwapa, akamwinua.

"Saruji bado changa," Fundi alisema hatimaye, zaidi akijisemea. "Nikiivunja sasa, matofali mengi yatatoka mazima. Nikingoja, kitakachotoka ni vipande."

"Uivunje hii?" Gundi aliitazama ngazi kwa huruma ya fundi kwa fundi. "Na mtaa, ndugu yangu? Mtaa utasema nini?"

Wote wawili walijua. Fundi husamehewa kuchelewa, husamehewa kulewa, hata kudanganya siku ya kumaliza. Hasamehewi kubomoa alichokijenga jana. Na ngazi ya pili, ya vidato vifupi, ingekula matofali mengi kuliko hii; pengo hilo la fedha lingezibwa na kazi ya Mama Funguo, au lisingezibwa.

Aliporudi ndani mkewe alikuwa ameikokota cherehani kutoka dirishani mpaka karibu na mlango. Alikuwa ameinama, anapanga miguu ya cherehani isiyumbe.

"Wateja wataona wapi kazi yako?" Fundi aliuliza.

"Watabisha," alisema Mshonaji. "Wana mikono."

Funguo zilisikika asubuhi kabla jua halijakausha umande kwenye mabati. Mama Funguo alikuja na mkokoteni wa matofali, na msukumaji wake aliyekwisha kutoka jasho, kwa kuwa yeye hakuwa mwanamke wa kuja mikono mitupu pale alipokuwa na hakika ya jibu. Nyuma yake walifuata wapangaji wake watatu, waliotaka kuona wenyewe ngazi watakayoletewa. Yule mjamzito alikuwa miongoni mwao. Gundi alikuwa tayari kigodani.

Fundi alikuwa amesimama kando ya ngazi yake, nyundo mkono mmoja, patasi mkono wa pili, kiganja kimefungwa kitambaa.

"Naona umeamka na kazi," alisema Mama Funguo. Kisha akaiona patasi. "Kuna nini? Imepata ufa?"

"Haina ufa."

"Mwanangu!" Sauti ya Bibi ilitoka ndani, nyembamba lakini haikosi amri ya jikoni la zamani. "Nilikuambia uiache! Nimekuomba!"

"Nimekusikia, Mama."

"Basi mheshimu mama yako," alisema Mama Funguo, akishusha sauti kama mtu wa nyumbani. "Fundi, nakupenda, ndiyo maana nasema. Ukiigonga hii mbele za watu, kesho mtaa mzima utasema yule hajui kazi. Mimi mwenyewe nitawajibuje wanaoniuliza? Matofali haya hapa, nimekuletea mpaka mlangoni. Neno moja tu. Unajenga au hujengi?"

Wapangaji walimtazama Fundi. Gundi aliacha kushona. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Bibi alikuwa amejivuta mpaka kizingitini, ameshika mwimo, macho yake yanamsihi mwanawe asiseme.

Fundi alimwamkia Mama Funguo kwa adabu, kwa sababu alikuwa hajamwamkia. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Ngazi hii naivunja leo, na aliyekosea ni mimi, si mama yangu. Najenga nyingine ya vidato vifupi, ielekee ubavuni kupitia chini ya dirisha, iwe na ukuta wa kushika mwanzo hadi mwisho. Kazi yako naitaka, Mama Funguo, sikufichi, ninaihitaji. Lakini milango yako nitaijengea hivyo hivyo, vidato vifupi na pa kushika, hata kama matofali yatazidi. Ukitaka virefu kama hivi, ugeuze mkokoteni wako umtafute fundi mwingine, maana mimi sivijengi tena."